Uji wa mtoto: ulezi, mtama, uwele, dona au mchanganyiko wa nafaka kumi na mbili?

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, na upungufu unaotangulia kuonekana ni wa madini ya chuma. Hapo ndipo kila mtu anapokuja na orodha yake. Wifi anasema ulezi, muuza nafaka sokoni anakupimia aina kumi na mbili kwenye mfuko mmoja, na bibi anashangaa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, limekosa nini. Wote wana hoja, ila si kila hoja inafaa kwa kila nyumba.

Mwenye haraka achukue jibu hili: ulezi sehemu 3, soya iliyochemshwa na kukaangwa sehemu 1, basi. Uji uwe mzito, na juu yake ongeza kitu kilichotoka kwa mnyama. Mwenye nafasi aendelee kusoma, kwa sababu zipo nyumba ambazo ulezi si chaguo bora.

Majina kwanza, maana yanawachanganya wengi. Ulezi wa Tanzania ndio wimbi wa Kenya: punje ndogo za kahawia iliyokolea. Uwele, au mawele, una punje za kijivu au kijanikijivu zilizochongoka kidogo upande mmoja. Mtama una punje za mviringo, kubwa kuliko hizo mbili, nyeupe au nyekundu. Wapo wauzaji wanaoita kila punje ndogo "mtama", kwa hiyo angalia kwa macho, usinunue kwa jina.

Hivi ndivyo zinavyolingana kwa gramu 100 za nafaka kavu. Ni makadirio, kwani aina ya mbegu na udongo hubadilisha namba.

| Nafaka | Protini (g) | Chuma (mg) | Kalsiamu (mg) | Kinachosumbua |
|---|---|---|---|---|
| Ulezi | 7 | 4 | 340 | Mchanga |
| Uwele | 11 | 6–8 | 40 | Unga huharibika upesi |
| Mtama | 10 | 4 | 25 | Ukakasi kwa baadhi ya aina |
| Dona | 9 | 2.5–3 | 10 | Sumukuvu (sumu ya ukungu) |
| Sembe | 7–8 | 1 | 5 | Wanga mwingi, madini kidogo |
| Mchele mweupe | 7 | chini ya 1 | 10–25 | Virutubisho kidogo |
| Mbegu za mchicha | 14 | 7 | 160 | Upatikanaji na bei |
| Oti | 13 | 4 | 50 | Bei, na nyingine zina sukari |

Usiisome jedwali hili kama matokeo ya mtihani. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takribani miligramu 11 za chuma kwa siku. Bakuli lenye gramu 40 za ulezi lina kama miligramu 1.6, na mwili huchukua sehemu ndogo tu ya hicho, kwa sababu nafaka zote zina faiteti, kitu kinachokamata chuma na zinki na kuvipitisha tumboni bila kufyonzwa. Hakuna nafaka itakayoziba pengo hilo peke yake. Tofauti kati ya ulezi na uwele ni ndogo ukilinganisha na tofauti kati ya bakuli lenye dagaa na bakuli lisilo na dagaa.

Ulezi

Ulezi umepata sifa kwa kalsiamu, na sifa hiyo ni ya haki: hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayoukaribia. Hauna gluteni (protini ya ngano), watoto wengi huupokea vizuri, na hauvamiwi na wadudu kirahisi, ndiyo maana vijijini huwekwa ghalani muda mrefu. Protini yake ni ya chini, kwa hiyo ulezi bila jamii ya kunde ni nusu ya kazi.

Tatizo lake kubwa ni mchanga. Punje ya ulezi na chembe ya mchanga vinakaribiana ukubwa, na chekeche halivitenganishi. Njia inayofanya kazi ni maji. Mimina ulezi kwenye beseni, jaza maji, koroga kwa mkono kwa mzunguko, kisha mara moja mimina maji pamoja na punje zinazoelea kwenye beseni la pili. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Rudia mara 4 au 5, mpaka usisikie chembe chini ya vidole ukigusa kitako cha beseni. Anika siku hiyohiyo juu ya turubai safi, tandaza ulezi mwembamba, vinginevyo utaanza kuota au kuvunda. Ukitaka kupima unga wa kununua, koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, acha dakika 5, mwaga taratibu, kisha sugua kilichobaki chini kwa kidole. Ukisikia kukwaruza, huo si unga wa mtoto.

Mtama na uwele

Ukiwa Dodoma, Singida, Kitui au Tharaka, mtama na uwele ndivyo vilivyo karibu na kwa kawaida ni nafuu kuliko ulezi. Hakuna sababu ya kusafirisha ulezi kutoka mbali kwa imani kwamba mtama ni chakula cha kuku.

Kwa mtama, chagua mweupe. Aina kama Macia hazina tanini ya kusumbua. Mtama mwekundu si lazima uwe mbaya, rangi peke yake haitoshi kuhukumu: tafuna punje chache, na kama ulimi na fizi zinakauka kama umetafuna ndizi mbichi, huo ni ukakasi wa tanini. Tanini inafunga protini na chuma. Mtama wenye ukakasi waachie wapishi wa pombe, au ukoboe kwanza, kwani tanini nyingi iko kwenye ganda la ndani la punje.

Uwele ndio unaoongoza kwa chuma miongoni mwa nafaka za kawaida, na una mafuta mengi kidogo, kama gramu 5 kwa 100. Mafuta hayohayo ndiyo yanayouponza. Punje nzima hukaa miezi bila tatizo, lakini ukishasaga, kimeng'enya kilichomo kinaanza kuvunja mafuta, na baada ya wiki moja au mbili unga unakuwa mchungu na kunuka kama mafuta yaliyokaa sana. Mama anadhani mtoto amechoka na uji, kumbe mtoto anaonja kisichofaa. Saga nusu kilo kwa mara moja, si zaidi. Ukikaanga punje kidogo kwenye sufuria kavu kabla ya kusaga, mpaka zianze kunukia bila kubadilika sana rangi, unga hukaa muda mrefu zaidi. Tena, uwele usiwe nafaka pekee ya mtoto mwaka mzima: una vitu vinavyoizuia tezi ya shingo kutumia madini joto, na mahali ambapo madini joto tayari ni haba vinachangia rovu, yaani uvimbe wa shingo. Kubadilishana na nafaka nyingine kunatosha kuondoa wasiwasi huo.

Dona au sembe?

Hapa ndipo ubishi ulipo mkali, na jibu linategemea mahindi yenyewe kuliko unga. Dona limebaki na kiini na ganda, kwa hiyo lina chuma, mafuta na vitamini B zaidi ya sembe kwa mbali. Lakini sumukuvu, sumu ya ukungu, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini. Kukoboa hupunguza sumu hiyo pamoja na virutubisho. Kwa hiyo dona la mahindi mazuri ni bora kuliko sembe, na dona la mahindi mabaya ni hatari kuliko sembe.

Sumukuvu si hadithi ya kutishia watu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu zaidi ya 100, na mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara; katika matukio yote mawili chanzo kilikuwa mahindi. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kinachosaidia ni kuchambua kwa mkono kabla ya kusaga: toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani, nyeusi au zambarau, na zilizosinyaa. Gunia likiwa na harufu ya ukungu, usichambue, liache lote. Na hizo punje ulizotoa usimpe kuku wala ng'ombe, maana sumu inarudi mezani kupitia mayai na maziwa.

Sembe ya viwanda vikubwa iliyoongezwa virutubisho ina nafasi yake. Angalia pakiti kama ina alama ya urutubishaji. Iliyokobolewa kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida haijaongezwa kitu.

Mchele, oti, ngano na mchicha nafaka

Mchele mweupe ni laini, haushtui tumbo, na ndiyo sifa yake yote. Unafaa siku za mwanzo au mtoto akiwa na tumbo, si kila siku kwa miezi 6. Mpunga pia hunyonya sumu ya aseniki kutoka ardhini na majini kuliko nafaka nyingine, sababu nyingine ya kutoutegemea peke yake. Oti ni nzuri, ila unalipia safari yake ya meli. Usiuze mayai ya kuku wako ili ununue oti. Ukizinunua, chukua zile ambazo kwenye orodha ya viungo kuna oti peke yake. Ngano ianze kidogo na peke yake kwa siku 3, ili mzio ukitokea ujue umetoka wapi.

Mbegu za mchicha, huko Kenya terere, ndizo nyongeza ninayoithamini kuliko oti. Zina lisini, kile kijenzi cha protini kilicho kidogo kwenye nafaka nyingine. Zisiwe msingi wa uji, ziwe sehemu 1 kwa sehemu 5 hadi 9 za nafaka kuu. Namna nzuri ya kuziandaa ni kuzipasua kama bisi. Pasha sufuria kavu mpaka tone la maji likidondoka liruke, weka kijiko kimoja cha chakula tu, funika, tikisa. Sekunde 10 hadi 15 zinapasuka na kuwa nyeupe. Mimina nje hapohapo. Ukiweka vijiko vitatu kwa pamoja, za chini zinaungua na za juu zinabaki mbichi. Onyo moja: usinunue mbegu za duka la pembejeo. Zile za kupandia mara nyingi zimepakwa dawa, na ndivyo ilivyo pia kwa mahindi yenye rangi nyekundu au kijani ya ajabu.

Na ule mchanganyiko wa nafaka kumi na mbili?

Tufanye hesabu. Kilo moja ya mchanganyiko wa aina 12 kwa vipimo sawa ina gramu 83 za ulezi. Bakuli la mtoto lenye gramu 40 za unga lina gramu 3 na kitu za ulezi, na kalsiamu ya ulezi hapo ni kama miligramu 11. Bakuli la ulezi mtupu lingempa 136. Unapochanganya aina nyingi hujumlishi sifa zake, unazigawanya.

Yapo na mengine. Ndani ya aina hizo 12, saba au nane ni wanga uleule kwa majina tofauti: mahindi, mchele, ngano, mtama, wakati mwingine hata muhogo. Soya isiyopikwa na karanga zisizochambuliwa zinapenya humo bila mtu kuziona. Uwele unavundisha unga wote. Mtoto akitoka vipele, huwezi kujua nani mkosaji. Na dagaa wakisagwa pamoja na nafaka, chumvi yao huvuta unyevu, mafuta yao huharibika, na unga unaanza kunuka ndani ya wiki chache. Nafaka moja au mbili na jamii ya kunde moja zinatosha. Anayetaka aina mbalimbali abadilishe kwa zamu: mwezi huu ulezi, ujao mtama.

Soya au karanga?

Soya ina protini gramu 36 kwa 100, lakini mbichi ina vizuizi vinavyoharibu usagaji wa protini tumboni. Kukausha juani hakuviondoi. Chambua, tumbukiza kwenye maji yanayochemka tayari, chemsha dakika 25 hadi 30, mwaga maji, sugua maganda yatoke, anika mpaka zilie "kach" ukiziuma, kaanga kwa moto mdogo mpaka ziwe na rangi ya dhahabu, ndipo usage. Ukiruka hatua ya kuchemsha, utaijua kwa harufu ya maharage mabichi kwenye uji na kwa tumbo la mtoto kujaa gesi.

Karanga ni rahisi kuandaa na zina mafuta karibu nusu ya uzito wake, ila ndizo rafiki mkubwa wa sumukuvu pamoja na mahindi. Nunua nzima, si zilizosagwa, chambua moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye doa. Zisage peke yake na uweke kijiko kimoja cha chai cha karanga laini kwenye uji uliokwisha kuiva. Ukizisaga na nafaka, unga utakaa wiki 2 tu kabla haujaanza kunuka mafuta, na mwenye mashine atakulalamikia kwa kuziba. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, zinapalia.

Kwa kilo moja: ulezi gramu 750 na soya gramu 250. Ukichagua karanga, unga wa ulezi ubaki mtupu na karanga iingie bakulini.

Uzito wa uji ndio unaoamua

Mtoto wa miezi 8 ana tumbo la kama mililita 240. Kwa hiyo swali ni nini kimo ndani ya hizo mililita. Uji wa kunywa kwa kikombe, wenye gramu 15 za unga kwa mililita 250, una kama kilokalori 50, chini sana ya maziwa ya mama ya ujazo uleule. Uji wenye gramu 40, yaani vijiko 4 hadi 5 vya chakula vya kufuta, una kama 140, na ukitia kijiko kimoja cha chai cha mafuta unafika 180. Kipimo cha macho: inamisha kijiko, uji uteremke pole pole, usimiminike.

Koroga unga na maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, punguza moto, pika dakika 15 kwa ulezi na 20 kwa dona au mtama. Unga mkavu ukitupwa kwenye maji ya moto unatoa madonge ambayo ndani yake ni mabichi. Sukari na chumvi haviingii. Asali usimpe kabla ya mwaka 1, hata ya mzinga wako.

Mtoto asiyeuweza uji mzito, tumia kimea badala ya kuongeza maji. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku 2 mpaka vichipukizi vitoke, anika mpaka vikauke kabisa, sugua uondoe mizizi, saga. Kimea chenye ukungu au harufu ya kuoza kitupe. Sasa pika uji mzito wa gramu 50 hadi 60, uepue, usubiri mpaka uweze kuvumilia kidole ndani yake kwa sekunde moja, weka kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache utauona ukilegea. Urudishe motoni uchemke tena dakika 2 au 3 ili kuua vijidudu vya kimea. Ukikiweka uji ukiwa unachemka, kimea kinakufa na uji haulegei, hilo ndilo kosa la wengi. Ukitumia mtama badala ya ulezi, vichipukizi viondoe vyote, kwani vina sumu ya sianidi.

Kuloweka unga na maji usiku kucha mpaka uchachuke kidogo pia kunapunguza faiteti. Ukiwa umeshapika na kuepua, koroga kijiko cha maji ya chungwa au ubuyu. Vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa, na motoni inapotea. Chai iwe mbali na mtoto.

Uchague ipi?

Unaweza kuosha na ulezi unapatikana: ulezi na soya. Uko kanda kavu: mtama mweupe, uwele kwa zamu, na karanga ulizochambua mwenyewe. Una mahindi ya shamba lako uliyoyakausha vizuri: dona na soya, ukiongeza mchicha nafaka kama upo. Huna muda wa kuchambua: sembe iliyorutubishwa, na pesa iliyobaki inunue yai. Kwa zote hizo, kijiko kimoja cha chai cha unga wa dagaa waliooshwa mchanga, kukaangwa na kusagwa, kikae kwenye chupa yake na kiingie bakulini dakika za mwisho.

Miezi 6 hadi 8 mpe mara 2 au 3 kwa siku, ukianza na vijiko 2 au 3 hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi 9 mara 3 au 4, huku akiendelea kunyonya. Mashineni, kila anayesaga anaondoka na mabaki ya mteja aliyetangulia, hivyo sagia kwanza vikombe viwili vya nafaka yako na uvitenge kwa uji wa wakubwa. Mstari kwenye kadi ya kliniki ukilala miezi miwili mfululizo, mwone mhudumu, na ukirudi nyumbani hesabu vijiko vya unga vinavyoingia sufuriani kabla hujaenda sokoni kutafuta nafaka nyingine.